Je, Mzee Ana Haki ya Kupanga Mwakani?

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii lilizuka nyumbani kwetu Gitaza, chini ya mwembe, mbele ya gari bovu. Mtu aliyekwisha kuzeeka, mwenye akiba ndogo na familia yenye mahitaji mengi, je, ana haki ya kuitumia akiba hiyo kwa jambo linalompendeza yeye mwenyewe, jambo ambalo huenda hata asilimalize? Au uzee humwondolea mtu haki hiyo, akabaki kuwa mlinzi tu wa mali ambayo kesho itakuwa ya wengine?

Nitaanza na gari lenyewe, kwa sababu bila kulieleza hoja zangu zitaelea hewani.

Ni kombi la Volkswagen la mwaka 1977. Wengi wetu tunalijua kombi kama gari la abiria la zamani, lililotangulia hiace zinazojaza barabara ya Rumonge leo. Wajerumani walianza kuliunda mwaka 1950, na kule Brazili liliendelea kuundwa hadi mwaka 2013. Lakini kombi la Babu si la abiria. Ni la aina iliyopangwa ndani na kampuni ya Westfalia kwa ajili ya watu wanaosafiri na kulala njiani. Lina kitanda cha kukunja, kabati, beseni dogo la kuoshea vyombo, na paa linaloinuka likiwa na turubai pembeni, ili mtu aweze kusimama wima. Injini iko nyuma, na haipozwi kwa maji bali kwa upepo wa feni.

Babu aliliendesha tangu mwaka 1982 hadi 1993, akiwa dereva wa Wazungu wawili, mume na mke, waliokuwa walimu mjini Bujumbura. Siku za mapumziko aliwapeleka kando ya ziwa: mara Rumonge, mara Nyanza-Lac, mara nyingine karibu tu, kwenye jiwe la Mugere lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Usiku ulipoingia, wenye gari walilala kitandani. Yeye alilala kwenye kiti cha dereva, na joto likizidi alitandika mkeka nje. Kwa miaka 11 alikiendesha kitanda hicho asikilalie hata usiku mmoja. Halisemi jambo hili kwa kulalamika. Mimi mwenyewe nililijua baada ya kumuuliza.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia vitani. Waajiri wake waliondoka kwa haraka, wakamwachia gari na karatasi zake. Alilileta Gitaza, akaliegesha, akatoa betri. Miaka ikapita, kuku wakataga mayai chini ya viti. Kisha, mwishoni mwa Machi 2015, mvua kubwa iliuporomosha mlima wa Gitaza. Mawe na tope viliziba barabara, na familia nyingi zikabaki bila nyumba. Kwetu tope lilichukua jiko na zizi la mbuzi. Kombi lilisukumwa hatua kadhaa, likaegemea mwembe, tope limejaa hadi madirishani. Tangu siku hiyo tulilihesabu kuwa limekufa.

Mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 69, Babu alichukua jembe akaanza kulifukua. Kisha akauza kishamba cha michikichi alichokuwa nacho upande wa Rumonge, akapata faranga 2,500,000. Hakumshauri mtu. Fedha hizo zikaanza kwenda kwa mchomeleaji, kwa muuza rangi, na kwa mafundi wa Buyenzi waliomtafutia kabureta na plagi.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mimi nilikuwa naingia mwaka wangu wa mwisho chuoni, na Baba, ambaye ni seremala, alikuwa hana kazi ya kutosha kunilipia ada. Baba na Shangazi walikutana wakakata shauri: kombi liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ambao walikuwa wameahidi faranga 600,000, na fedha za kishamba zilizobaki ziingie kwenye masomo yangu na paa la nyumba. Mjumbe nikachaguliwa mimi. Shangazi alisema, "Nenda wewe. Wewe anakupenda, tena umesoma, utajua la kumwambia."

Nilikwenda Julai 2022. Nilikaa wiki mbili, na siku kumi za kwanza sikusema neno juu ya kilichonipeleka. Nilimshikia spana. Nilisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Nilijifunza kwamba katika injini ile mipira ya petroli ikipasuka gari linaweza kuungua lote, ndiyo maana mipira ilibadilishwa kabla ya kitu kingine chochote. Nikamuuliza Bibi anaonaje. Akasema, "Mwacheni. Akiwa chini ya gari najua alipo."

Siku ya kumi na moja nilimwambia. Nilitumia hoja zote nilizotumwa nazo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mjukuu wangu, nimesomesha watoto saba. Hakuna hata mmoja niliyemwambia angoje. Wewe ukikosa mwaka huu, utasoma mwakani. Mimi nikikosa mwaka huu, nitaupata wapi mwingine?"

Nilirudi Bujumbura mikono mitupu, nimekasirika. Mwaka huo sikusoma. Niliuza vocha za simu na kuandika barua za watu kwa malipo. Msomaji aelewe kwamba ninapolitetea jambo la Babu hapa chini, silitetei kwa sababu halikunigharimu.

Tuzitazame kwanza hoja za Baba na Shangazi, kwa maana hazikuwa hoja za watu wabaya. Ya kwanza ni hoja ya hesabu. Fedha ikiwekwa kwa kijana wa miaka 23 itazaa kwa miaka 40. Ikiwekwa kwa mzee wa miaka 70 itazaa kwa miaka michache tu. Ya pili ni hoja ya desturi: mzee ni wa kutoa. Sisi humsifu mzee anayepanda mchikichi ambao mafuta yake yataliwa na wajukuu. Sifa hii si ya kwetu peke yetu. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya uzee alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, aliwasifu wakulima wazee wanaopanda miti ya kuwafaa watakaokuja baada yao. Ya tatu ni hoja ya aibu. Watu wa barabarani wangesema kwamba mzee anacheza na gari huku mjukuu wake anauza vocha.

Hoja ya hesabu ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo niliyokwenda nayo Gitaza. Lakini jibu la Babu liliigeuza. Ni kweli kwamba mzee amebakiwa na miaka michache. Hata hivyo, kitu kikiwa kichache thamani yake haipungui; huzidi. Sisi tulikuwa tukihesabu ni faida kiasi gani mwaka mmoja utaleta. Yeye alikuwa akihesabu mwaka mmoja ni sehemu gani ya vyote alivyobakiwa navyo. Kwangu mwaka ule ulikuwa kucheleweshwa. Kwake ungekuwa kunyimwa. Mambo haya mawili hayalingani, na nilikosea kuyaweka katika mizani moja.

Hoja ya desturi ilinichukua muda zaidi, na iliyenisaidia kuielewa ni kazi ya darasani. Mwaka mmoja kabla ya ugomvi huu tulipewa kazi ya kukusanya masimulizi ya wazee. Nami niliwahoji wazee wanne wa Gitaza, Babu akiwa mmojawao. Niliporudia maswali yangu baadaye, niligundua kwamba yote yalikuwa katika wakati uliopita. Ulizaliwa wapi? Ulifanya kazi gani? Ziwa lilikuwaje? Kiambishi kilikuwa *-li-* kutoka swali la kwanza mpaka la mwisho. Sikumuuliza hata mzee mmoja swali lenye *-ta-*. Haikunijia akilini kwamba mzee anaweza kuwa na jibu.

Wanafunzi wa falsafa wanamjua John Mbiti wa Kenya, ambaye mwaka 1969, katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kuelezea jinsi Mwafrika wa jadi alivyoufikiri wakati. Alidai, akitumia mifano ya vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, kwamba wakati ujao wa mbali ulikuwa karibu haupo katika fikra hizo. Dai hilo limepingwa na wengi, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, na mimi sina haja ya kuliamua hapa. Linalonigusa ni jambo jingine alilolisema Mbiti: kwamba hata aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu wapo watu waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina. Huzama katika Zamani pale tu anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua.

Sasa tazameni tunayowafanyia wazee wetu. Ikiwa marehemu anaweza kubaki katika Sasa, inakuwaje tumtoe mzee aliye hai tukampeleka Zamani? Tunafanya hivyo kwa heshima kubwa. Tunampisha kiti, tunampelekea chakula kwanza, tunamwomba atusimulie. Lakini akisema "mwakani nitafanya jambo fulani", tunatazamana na kutabasamu. Simone de Beauvoir wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya uzee, alishikilia kwamba uzee hugeuka kejeli ya maisha ya nyuma endapo mtu ataacha kuyafuata malengo yanayoyapa maisha maana. Naongeza kwamba mara nyingi mzee haachi malengo kwa hiari. Huachishwa na watu wanaompenda.

Ndiyo maana sifa tunayompa mzee apandaye mchikichi inahitaji kuchunguzwa. Je, tunamsifu kwa sababu ana mipango, au kwa sababu mipango yake ni yetu? Mzee akipanda mti kwa ajili yangu, ni mwenye hekima. Mzee yule yule akikarabati gari kwa ajili yake, amerudi utotoni. Hapo hatupimi hekima. Tunapima faida tutakayoipata sisi. Mtu ambaye anaruhusiwa kutaka tu yale yatakayowafaa wengine bado ni dereva anayelala kwenye kiti. Kwenye jiwe la Mugere yameandikwa majina ya wasafiri wawili. Waliopiga makasia ya mtumbwi mpaka huku kaskazini mwa ziwa hawakuandikwa. Sitaki kulifanya jambo la familia yetu kuwa kubwa kama historia, lakini nilipolikumbuka jiwe lile niliona kwamba na sisi tulikuwa tunataka Babu aendelee kupiga makasia.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu mwalimu wangu aliniuliza nilipomsimulia. Je, haki hii haina mpaka? Kama mtoto angekuwa anakufa, mzee angeendelea kupaka gari rangi?

Swali hili lina jibu, na si jibu la kubuni. Mapema mwaka 2023 mdogo wangu aliugua malaria kali akalazwa. Babu alikuwa ameweka kando fedha za matairi manne. Hatukumwomba. Alipanda hiace asubuhi, akalipa hospitali, akarudi Gitaza jioni. Kombi lilikaa juu ya mawe miezi mitano bila tairi.

Kwa hiyo mpaka upo, na Babu aliujua kuliko sisi. Kuna hitaji ambalo lisipotimizwa leo mtu anapotea; hilo linatangulia mpango wa mtu yeyote, mzee au kijana. Na kuna hitaji ambalo likicheleweshwa linauma lakini halipotezi. Hilo halina mamlaka ya kuvunja mpango wa mtu mwingine. Ada yangu ilikuwa ya aina ya pili. Nilipotumwa Gitaza niliivisha nguo za aina ya kwanza.

Hata hivyo sitaki kumfanya Babu malaika. Alikosea katika jambo moja. Kishamba kile cha michikichi alikilima pamoja na Bibi kwa miaka mingi, naye alikiuza bila kumuuliza. Bibi alimwachia, lakini kuachiwa si kuulizwa. Haki ya mtu kutumia kilicho chake inaanza na kujua kipi ni chake peke yake. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Hapo umesema kweli." Na nadhani kwamba safari ya kwanza ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, maana hakuondoka bila Bibi.

Safari hiyo ilikuwa mwezi wa Agosti 2024. Petroli ilikuwa adimu nchini, na kuipata lita 20 kulimchukua siku nyingi za kungoja. Bibi alikaa mbele, mimi nyuma kwenye kiti kinachogeuka kitanda. Kati ya Gitaza na Rumonge kuna kilomita 45 hivi, mlima mkono wa kushoto na ziwa mkono wa kulia. Tulikwenda polepole, hiace zikitupita kwa honi. Pale Magara watoto walikimbia wakishangilia. Tulifika ufuko usio mbali na Minago jua likiwa linazama nyuma ya milima ya Kongo, wanawake wakikusanya ndagala waliokaushwa siku hiyo. Babu aliegesha, akainua paa. Turubai lilishonwa upya na fundi cherehani wa Rumonge, na rangi yake hailingani na gari. Bibi alipika mukeke nje, juu ya mkaa.

Usiku ulipoingia walikunjua kitanda wakalala wawili. Mimi nilikwenda mbele, nikalala kwenye kiti cha dereva. Usukani ulinibana magoti, shingo ikaniuma, na mara mbili niliamka nikaona taa za wavuvi ziwani. Sikuwahi kufikiri kwa mwili wangu miaka 11 ya namna hiyo ikoje.

Asubuhi nilimuuliza Babu amelala vipi. Akasema godoro ni gumu.

Tulipokuwa tunarudi, waya wa klachi ulikatika kabla ya kufika nyumbani. Tulikaa kando ya barabara saa nne tukingoja fundi, na Shangazi aliposikia alisema, "Niliwaambia." Huenda gari hilo halitafika Nyanza-Lac, anakotaka kwenda. Huenda Babu mwenyewe hatafika. Jambo hilo halilifanyi kuwa kosa. Mpango wa kijana nao unaweza kukatika katikati, wala hatumkatazi kijana kupanga kwa sababu hiyo. Kama uhakika wa kumaliza ungekuwa sharti la kuanza, hakuna hata mmoja wetu angejiandikisha chuoni.

Jibu langu kwa swali la mwanzo basi ni hili: mzee ana haki ya kupanga mwakani, kwa kiasi kile kile alichonacho kijana, na kwa mipaka ile ile. Hitaji la kufa na kupona linatangulia, na kilicho cha wawili hakitumiwi na mmoja. Umri peke yake si mpaka.

Mimi nimerudi chuoni, na insha hii ni mojawapo ya kazi za mwaka wangu wa mwisho. Ada tulichanga: Baba sehemu, mimi sehemu kutoka kwenye vocha, na Babu aliongeza kidogo, ingawa kombi bado linadai tairi la akiba. Ninapokwenda Gitaza siku hizi, baada ya salamu, ninamuuliza swali ambalo zamani halikunijia. Namuuliza, "Babu, mwakani utafanya nini?" Jibu lake huwa refu. Nawaomba wanafunzi wenzangu mkirudi nyumbani likizo hii mkawaulize wazee wenu swali hilo, na mkae mpaka wamalize kujibu.